Lenzi ya Nyumba Isiyotaka Mwanga

Mama aliyeniletea kazi ile alikuja mchana wa jua kali, akasimama kwanza mlangoni kama mtu anayehakikisha kwamba hajakosea nyumba. Studio yangu iko Murara, mtaa wa mjini, chumba kimoja chenye pazia jeupe ukutani na taa mbili, katikati ya fundi cherehani na mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Kazi zangu ni za kawaida: arusi, ubatizo, picha za pasipoti. Yule mama alikuwa wa rika langu, amevaa vizuri, ametoka Keshero, upande mwingine wa mji, anakoishi na mumewe na watoto. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Dada, unaweza kupiga mutu foto bila flashi?"

"Naweza, kama kuna mwanga kidogo."

"Na kama haiko hata kidogo?"

Akanieleza. Baba yake ni muzee wa Masisi. Alichunga ng'ombe milimani maisha yake yote, mpaka vita ikamshusha Kibati, kijiji kilicho kwenye barabara ya kaskazini, chini ya volkano. Huko anakaa peke yake katika nyumba ya mbao ambayo watoto wake walimjengea. Hataki mwanga uingie ndani. Taa hapana, tochi ya simu hapana, dirisha hapana. Na watoto hawana hata picha yake moja, kwa sababu zote ziliungua na nyumba ya Masisi.

"Anazeeka," alisema. "Siku moja tutatafuta sura yake ya kuweka juu ya sanduku, tuikose."

Nilimuuliza kama muzee anaumwa macho. Akageuka kutazama barabarani. "Macho yake ni mazima," alisema.

Nilikubali kwa sababu niliona ni shida ya ufundi tu, na shida za ufundi huwa zinanipa hamu. Tukapanda pikipiki, yeye yake na mimi yangu, tukaenda.

Nyumba ilikuwa pembeni ya barabara, imezungukwa na ua wa mawe meusi ya lava. Mbao zake zilipakwa oili chafu ya magari ili mchwa wasizile, kwa hiyo ilikuwa nyeusi nje kama ilivyokuwa ndani. Kila ufa ulikuwa umezibwa kwa plastiki na vitambaa. Ilikuwa adhuhuri; watoto wa jirani walicheza mpira, mwanamke alianika maharagwe juu ya hema kuukuu. Binti akabisha, akasema, "Papa, ni mie, nimekuja na ule wa foto," akasukuma mlango, tukaingia upesi, naye akaufunga nyuma yetu kama mtu anayezuia kuku wasitoke.

Nilikuwa sijawahi kuingia katika giza la namna ile mchana. Nilisikia sauti za watoto nje, nilisikia mpira ukigonga mawe, lakini mbele yangu hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia pumzi ya mtu, taratibu, na sauti kavu ya muzee.

"Karibuni. Mupite upande wa kuume."

Nilipita upande wa kuume nikipapasa ukuta. Baada ya muda macho yalianza kuzoea. Kulikuwa na uzi wa mwanga chini ya mlango, basi, hapakuwa na mwingine. Niliona viti viwili vya mbao vimepangwa bega kwa bega, vinautazama mlango. Muzee alikuwa ameketi katika kimoja, ameshika fimbo ya wachungaji kwa mikono miwili. Cha pili kilikuwa kitupu, kimewekewa kitenge kwenye mgongo wake. Nilikishika nikitaka kuketi.

"Si hapo, mutoto wangu," alisema, bila ukali.

Binti alinivuta kwa mkono akaniketisha juu ya benchi.

Wakati ule nilikuwa na lenzi moja tu, ile niliyoipata pamoja na kamera, ya kuvuta na kurudisha. Ni lenzi nzuri ya kupigia watu wakitoka kanisani. Lakini tundu lake la kupitisha mwanga ni dogo. Gizani inakunywa mwanga kama mtoto anayekunywa uji wa moto, tone kwa tone. Ili ipate picha, lazima uiache wazi muda mrefu juu ya stendi ya miguu mitatu, na anayepigwa asitikisike. Nilizima kioo cha nyuma ya kamera kisitoe mwanga, nikabandika utepe mweusi juu ya taa yake ndogo, nikabaki kutazama kwa jicho moja katika kidirisha chake cha kutazamia.

"Papa, naomba utulie sana."

"Nitatulia. Hata sasa nimetulia."

Nilipiga mara kadhaa. Kila mara niliiacha kamera wazi nikisikiliza pumzi yake. Mara moja tu nilimsikia akisema neno dogo kwa Kihunde, lugha ya kwao, polepole, si kwangu na si kwa binti yake.

Picha niliziona nikiwa nimerudi Murara. Chumba kilikuwa kimetoka cheupe kana kwamba kuna taa: mbao, misumari, sufuria pembeni, mikunjo ya plastiki. Muzee ndiye aliyekuwa na kasoro. Mbao za ukuta zilionekana kupitia kifua chake. Kichwa chake kilikuwa moshi wenye sura mbili, zote zimegeukia kushoto, upande wa kiti cha pili. Fimbo ilikuwa imetoka vizuri, imesimama yenyewe bila mikono. Na kile kiti kitupu kilikuwa kimetoka vizuri kuliko vyote. Ungeweza kuhesabu nyuzi za kitenge.

Nilijua sababu. Kamera ikikaa wazi, kitu kinachotikisika kinafutika na kilichotulia kinabaki. Muzee alikuwa anapumua, anayumba kidogo, anageuza kichwa. Vijana wanaokuja studio kujifunza kazi nimewaeleza jambo hilo mara nyingi, wakacheka. Lakini jioni ile niliifunga kompyuta mapema nikaenda kukaa kwa mama muuza makala, nikaongea naye mambo ya bei na mvua mpaka alipofunga.

Binti alipokuja kuziona, aliweka mkono mdomoni.

"Papa amekwisha kwenda?"

"Hapana. Ni kwa sababu alitikisika. Ni lenzi yangu, haiwezi giza lile."

"Ndugu zangu wakiona hii watasema nini? Futa, dada. Futa nikiona."

Nilizifuta zote mbele yake. Hapo ndipo aliketi, akanisimulia habari ya mama yake.

Mama yake alikuwa amekuja Keshero kumsaidia alipojifungua. Wakati ule wazee wawili walikuwa bado wanaishi chini ya hema kule Kibati. Asubuhi moja mbuzi wa jirani aliteremkia kwenye shimo la mawe nyuma ya nyumba. Watu wa Keshero wanayajua mashimo yale. Hewa ya volkano inatoka ardhini na kujaa humo, haionekani, haina harufu, tunaiita mazuku. Asubuhi kabla jua halijapanda hakuna mtu anayeteremka. Lakini mama alikuwa wa milima ya Masisi, na mbuzi ni mbuzi, akateremka kumtoa.

"Tuliwakuta wamelala, yeye na mbuzi," alisema. "Hakuna damu, hakuna jeraha. Ungesema wanasinzia."

Baada ya maziko, watoto wakamjengea baba yao nyumba ya Kibati ili asibaki hemani peke yake. Siku nyumba ilipokamilika, muzee akaingia na viti viwili.

"Anasema mama alimurudilia na miguu, kutoka Keshero mpaka kule. Anasema wanaketi pamoja. Mwangaza ikiingia, anaondoka. Kwa hiyo hataki kuhamia kwangu. Ananiambia, mama yako ametoka kule, unataka nimupeleke tena?"

"Na wewe unasemaje?"

Alifunga mkoba wake. "Mimi ninasali," alisema. "Tafuta lenzi nyingine, dada. Tafadhali."

Mjini kuna papa mmoja, mtu wa makamo, anayeuza vifaa vya picha vilivyotumika, vingi vimevuka mpaka kutoka Gisenyi. Yeye mwenyewe alipiga picha za arusi miaka mingi. Nilimweleza kwamba nataka lenzi ya giza, giza la kweli, mtu ameketi, bila flashi. Sikumweleza zaidi. Akatandika kitambaa mezani na kuniwekea tatu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa na nzito, ya kuvuta, yenye tundu zuri. Nilipoishika nilijua mkono wangu ungechoka, na tundu lake, ingawa zuri, halikufika nilikotaka. Nikaiweka kando. Ya pili ilikuwa senkanti ya zamani, milimita hamsini, ya chuma, ile isiyovuta. Ukitaka kumkaribia mtu unatembea. Tundu lake lilikuwa kubwa ajabu; ukitazama ndani ulikuwa kama unatazama kisima. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko hiyo, trante-senki, yaani thelathini na tano, tundu lake dogo kidogo lakini jicho lake pana.

"Ya sura ya mutu ni senkanti," alisema yule papa. "Usihangaike. Kila mupiga foto atakuambia hivyo."

Alimulika lenzi zote kwa simu yake ili nione ndani. Ndani ya senkanti, pembeni kabisa, kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, kama utando wa buibui aliyezaliwa jana. Ni kuvu. Kuvu huingia katika lenzi zinazokaa penye unyevu bila kutumika. Papa alisema haitaonekana kwenye picha, na alikuwa mkweli. Kidogo kama kile hakionekani. Lakini sikupenda wazo la kumtazama muzee kupitia kitu kilichoota chenyewe gizani.

Niliomba kujaribu. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo ya maboksi isiyo na dirisha. Papa akaketi juu ya boksi, tukafunga mlango. Senkanti ilimleta karibu sana: sura yake peke yake, na ndani ya sura hiyo jicho moja tu lilikuwa kali, sikio limeyeyuka. Tundu likiwa kubwa namna ile, kinachoonekana vizuri ni kipande chembamba kama karatasi. Mtu anapumua tu, anatoka kwenye karatasi. Trante-senki ilinipa mtu mzima, magoti, mikono, na boksi lililokuwa kando yake. Niliongeza usikivu wa kamera kwa mwanga, chengachenga zikatokea, lakini pazia la kamera lilifunga upesi na papa hakufutika.

Kuna jambo lingine niliona mle stoo. Jicho langu la kushoto, lililokuwa nje ya kamera, halikuona kitu isipokuwa weusi. Jicho la kulia, kwenye kidirisha, lilimwona papa amekaa, anajikuna shingo, anadhani hakuna anayemwona. Nililitoa jicho kwenye kamera, akapotea. Nikalirudisha, alikuwa pale, amegeuza uso kunitazama moja kwa moja.

"Umemaliza?" aliuliza. "Mimi sipendi hapa."

Nilichukua trante-senki. Nilijiambia kwamba nimeichagua kwa sababu ya chumba: cha Kibati ni chembamba, na senkanti ingenibana ukutani. Ni kweli. Lakini nilijua pia kwamba senkanti ingemtenga muzee na kiti cha pili, na sikutaka kuwa mtu wa kuwatenga.

Tulirudi Kibati siku iliyofuata, mchana. Mawingu yalikuwa yamefunika volkano mpaka chini. Tukaingia kama mara ya kwanza, upesi, upande wa kuume.

"Umeleta jicho lingine," alisema muzee kabla sijasema lolote.

"Ndiyo, papa. Hili linaona zaidi."

"Basi liangalie vizuri."

Sikuhitaji miguu mitatu. Nilipiga goti mbele ya mlango, nikaweka jicho kwenye kidirisha, na chumba kikaja. Kwa mara ya kwanza niliona sura ya muzee: mashavu yaliyoingia, ndevu fupi nyeupe, jicho lenye kucheka kidogo. Alikuwa mzuri. Nikapiga, nikasikia pazia likifunga upesi, nikajua safari hii nimempata.

Kamera yangu ina mtambo wa kutafuta sura. Ikiona uso wa mtu, inauzungushia mraba mdogo mweupe ili ijue pa kukazia. Mraba ulikuwa usoni kwa muzee. Nikasogea nyuma kidogo ili niingize viti vyote viwili, na mraba ukamwacha muzee. Ukaenda kushoto. Ukasimama juu ya kiti kitupu, juu zaidi ya kitenge, mahali ambapo palikuwa na giza tu na ubao wa ukuta. Kimo cha kichwa cha mwanamke aliyeketi.

Nilisubiri. Gizani mitambo ile hukosea. Niliwahi kuuona mraba juu ya chungu na juu ya kisiki cha mti. Lakini kwenye chungu hucheza, unakuja na kupotea. Huu ulitulia. Halafu, taratibu, ukashuka kidogo na kupanda tena, kama kichwa cha mtu anayeitikia.

Nilibonyeza. Sijui kama niliamua kubonyeza au kidole kilijikaza. Nje mtoto mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba ni goli, si goli.

"Mashini imemuona?" aliuliza muzee.

Binti alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilimsikia akisogea kwenye benchi.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kueleza habari ya mitambo na visiki. "Kuna alama imekwenda pale, papa," nilisema. "Kwenye kiti. Sijui ni ya nini."

Muzee alicheka. Kilikuwa kicheko cha chini, cha mtu aliyebishiwa muda mrefu. Akageukia kushoto akasema maneno ya Kihunde, mengi safari hii, na binti yake akaanza kulia bila sauti. Baadaye njiani nilimuuliza baba yake alisema nini.

"Alimuambia, umeona, nilikuambia uvae ile kitenge nzuri."

Picha ilipofunguka kwenye kompyuta, kiti kilikuwa kitupu. Niliivuta karibu, nikaongeza mwanga mpaka chengachenga zikajaa kama mchele, na palikuwa na ubao tu, na msumari. Lakini ukali wa lenzi haukuwa kwa muzee wala kwa kitenge wala kwa ule ubao. Muzee alikuwa laini kidogo, ubao laini kidogo. Mahali palipokuwa pakali palikuwa hewani, kati ya kitenge na ukuta, ambapo hapakuwa na kitu cha kukazia.

Nilichapa mbili: ile ya muzee peke yake, na hii ya viti viwili. Binti alichukua zote. Hakurudi kuzungumza juu ya kumhamisha baba yake. Alianza kwenda Kibati kila Jumapili baada ya misa, akiwa na chakula, akawa anaketi nao wawili, yeye kwenye benchi, mlango umefungwa. Aliniambia kwamba mwanzoni aliogopa, kisha akazoea, kisha ikawa ndiyo saa pekee ya juma lote ambayo hakuna mtu anayemtaka kitu.

Muzee alifariki wakati wa mvua, usingizini. Juu ya sanduku waliweka ile picha yake akiwa peke yake, na watu wa Masisi waliokuja matangani walisimama mbele yake wakisema ni yeye kabisa, ni yeye.

Baada ya maziko, kaka mkubwa wa binti aliamua wabomoe nyumba, mbao zikajenge kwingine. Binti alinipigia simu asubuhi hiyo. "Kuja na kamera," alisema. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Nilipofika, mabati yalikuwa yameshatolewa na ukuta mmoja ulikuwa chini. Mara ya kwanza kwangu kuiona sakafu ile. Ilikuwa ya udongo mwekundu uliomwagwa juu ya lava na kushindiliwa. Viti vilikuwa nje, vimepakiwa garini. Palipokuwa na kiti cha muzee kulikuwa na mashimo mawili yaliyochimbwa na visigino vyake, na kando yake tundu la fimbo. Ndivyo inavyokuwa mtu akikaa mahali pamoja miaka.

Palipokuwa na kiti cha pili kulikuwa na mashimo mawili mengine. Yalikuwa madogo, yamekaribiana, na laini ndani kama bakuli lililotumika sana.

"Mujirani alikuwa anakuja kumuongelesha," alisema kaka. "Ama Papa mwenyewe alikuwa anabadilisha kiti."

Sote tulijua kwamba hakuna mtu aliyeruhusiwa kuketi pale, na miguu ya muzee ilikuwa mikubwa.

Binti alivua viatu. Akasimama pale ambapo kiti kilikuwa, akachuchumaa kama anayeketi, na kuingiza visigino vyake kwenye yale mashimo. Viliingia sawasawa. Alikaa hivyo, ameuelekea mlango ambao haukuwepo tena, huku upepo ukipita kati yetu na mawingu yakiwa mazito tangu alfajiri.

"Kaka," alisema bila kugeuka. "Udongo hapa iko ya moto. Kwa Papa iko ya baridi."

Kaka yake aliacha nyundo. Akaja, akapiga goti, akaweka kiganja chini, akakiacha pale kwa muda. Kisha akasimama, akajifuta mkono kwenye suruali, na kwenda kuendelea kupakia mbao.